Kidonge Kimoja, Mapacha Wawili

Siku ile ndani ya chumba cha daktari tulikuwa hivi. Mimi, bibi yao mzaa baba. Mke wa mwanangu, ambaye tangu ajifungue mapacha hakuna anayemwita kwa jina lake, kwa kila mtu ni Mama Mapasa, hata polisi wa mpakani. Mama yake mzazi, mkwe mwenzangu, aliyevuka daraja kutoka Bukavu na rozari shingoni na termosi ya chai kwapani kama anayekwenda kuhiji. Binti yangu, shangazi wa watoto, fundi cherehani hapa Kamembe. Mapacha wenyewe, wasichana wa miaka sita, tunaowaita Mkubwa na Mdogo ingawa mmoja alimtangulia mwenzake kwa muda wa kuchemsha maji ya chai tu. Na daktari, mwanamke kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Baba yao hakuwepo, alikuwa zamu kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza, lakini simu yake ililia kila mara ndani ya pochi ya mkewe, kwa hiyo mhesabuni naye.

Majina yao yote ninayo. Nasahau nilipoweka miwani, lakini jina la mtu silisahau, hata la muuguzi aliyewapima watoto uzito, na la mtoto wake aliyeng'oka jino wiki ile. Sitayaandika. Mmoja wa waliokuwa chumbani alifanya kosa, na mtaani wanalisimulia visivyo mpaka leo, kila mwenye mdomo na lake. Nimechoka kusahihisha mtu mmoja mmoja sokoni na nyanya zangu zinaoza. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini kuandika najua. Naandika mara moja, wasome wote, waniache.

Tulikuwa tumeitwa. Daktari alisema kwenye simu, "Aje kila mtu anayewapa hawa watoto kitu mdomoni." Mkubwa ndiye aliyekuwa mgonjwa, alikuwa na saratani ya damu na yuko kwenye dawa mwaka wa pili. Mdogo alikuwa mzima, anaruka kamba. Lakini miezi miwili ya mwisho damu ya Mdogo nayo ilianza kushuka, chembe nyeupe zikawa chache mno, na siku nne kabla walikuwa wamemchoma sindano ya kiunoni kutoa uboho wa mfupa. Basi tulivuka msitu wa Nyungwe kwa basi la asubuhi, tukijua tunakwenda kuambiwa wagonjwa sasa ni wawili.

Lazima nirudi nyuma kidogo, msinikatize.

Walipozaliwa, mkunga alituonyesha kwamba kondo lao lilikuwa moja. Watoto wawili, kondo moja, sura moja. Hapo hapo ugomvi ukaanza. Mkwe mwenzangu akasema, "Hii ni damu ya kwetu. Kwetu mapasa haikosi." Nikamwambia mama yangu mdogo alizaa mapacha mara mbili kule Mururu, na hakuna Mshi, mtu wa kabila lao la Bukavu, aliyepita hapo. Tukavutana vile mpaka mwenye uzazi akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu aliyekumbuka uji wake.

Mimi ndiye niliyeweka sheria. Niliwashika wote wawili, huyu mkono huu, yule mkono huu, nikasema mbele ya watu wote, "Hawa ni mapacha. Utakachompa mmoja, mpe na mwenzake, na kiwe sawa. Kikiwa kimoja, kikatwe katikati. Ukimnyima mmoja atanuna, na pacha akinuna anaondoka." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa. Mkwe mwenzangu akaitikia, kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho. Na tuliishika sheria. Yai moja lilikatwa kwa uzi. Kitenge kimoja kilitoa magauni mawili. Mkubwa alipojikata kichwani wakamnyoa apate kushonwa, tulimnyoa na Mdogo.

Walikuwa na miaka minne na nusu Mkubwa alipoanza kuchoka. Homa ikaja, akapewa dawa ya malaria. Ikaondoka, ikarudi, akapewa tena. Akawa anaomba kubebwa, anasema mifupa inamuuma. Miguuni zikatokea alama nyeusi, na mwalimu wa shule ya watoto akanitazama mimi, mimi mwenye miaka yangu hii, akauliza ni nani nyumbani anayempiga mtoto. Nilimjibu vibaya, na sijutii. Mwishowe muuguzi mmoja akafunua kiganja cha mtoto, akakiona cheupe kama unga wa muhogo, akatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya msitu.

Huko ndiko tulikompata huyu daktari wa kalamu tatu. Alimtoa Mkubwa uboho, sehemu nyingine ikapelekwa mbali kuchunguzwa, majibu yakachukua wiki nyingi. Yalipokuja alitukalisha sisi wanawake wote wanne, akaeleza. Katika kila chembe ya mwili kuna nyuzi, wenyewe wanaziita kromosomu, arobaini na sita, na ndani yake ndimo yalimoandikwa maagizo ya kumjenga mtu. Katika damu ya Mkubwa, uzi wa kumi na mbili na uzi wa ishirini na moja ulikuwa umekatika, na vipande vimebadilishana mahali.

Aliona hatujaelewa. Akamgeukia binti yangu. "Wewe si fundi? Chukua kitambaa cha bluu na cha njano. Mkasi umeteleza, umekata pembe ya kila kimoja. Halafu mshonaji amekosea, pembe ya njano kaishonea kwenye bluu, na ya bluu kwenye njano. Hakuna kilichopotea, vitambaa vyote vipo. Lakini nguo itavalika?"

"Haivaliki," alisema binti yangu. Halafu akauliza walichotaka kuuliza wote. "Nani alikata?"

"Hakuna mtu."

"Mkasi hautembei wenyewe, dokta."

"Huu unatembea," alisema daktari. "Chembe zinapojigawa kwa haraka, makosa hutokea. Hili lilitokea ndani ya chembe mama moja, kwenye uboho, pale damu inapozaliwa. Na lilitokea watoto wangali tumboni."

Tumboni! Angesema neno lingine lolote. Binti yangu akageuka akamtazama Mama Mapasa. Nami niligeuka, sisemi uongo.

Mkwe mwenzangu akasimama. "Munamuangalia nini mutoto wangu?"

"Sijasema kitu," nikamwambia.

"Macho yako imesema, Maman! Kwetu batoto habagonjwe hivi, hata moja!"

"Kumbe mapacha hawa si wa kwenu tena? Si ulisema ni damu ya kwenu?"

"Mapasa ni ya kwetu. Ugonjwa mutafute kwenu!"

Mama Mapasa alikuwa ameinamisha kichwa, analia bila sauti. Daktari akagonga meza kwa kalamu. "Mukecuru," akaniita, kama wanavyoheshimiwa vikongwe huku, na kwa jinsi alivyolitamka hakukuwa na heshima nyingi. "Kutokea tumboni si kutoka kwa mwenye tumbo. Halikutoka kwa mama, halikutoka kwa baba, halikutoka kwenye ukoo wa mtu. Mkitafuta wa kumlaumu mtatafuta mpaka mtoto afe."

Mkwe mwenzangu akaketi.

Akasema na jambo la pili. Kwa kuwa kondo lilikuwa moja, damu ya hawa ilikuwa ikipita kwa mmoja ikaenda kwa mwingine. Chembe ile yenye nyuzi zilizoshonwa vibaya ingeweza kuanza kwa mmoja ikavuka kwa mwenzake. Huenda Mdogo naye anayo. Lakini chembe ile peke yake haileti ugonjwa. Inaweza kukaa miaka isifanye kitu, mpaka litokee kosa lingine juu ya hilo, na mara nyingi halitokei. Basi Mdogo angekuwa anapimwa damu, naye aachwe acheze. Binti yangu akauliza kwa nini wasichukue uboho wa Mdogo wampe Mkubwa, si wanafanana? Daktari akasema ndiyo sababu yenyewe, huwezi kuziba tundu la kitambaa kwa kiraka cha kitambaa kile kile usichokiamini. Na tena, dawa tu zinatosha kwa watoto wengi.

Kwenye basi mkwe mwenzangu aliendelea kunung'unika, nikamweleza kwa migomba, maana mkasi haujui. Nikasema, umechukua chipukizi zuri kwa rafiki yako kule Gikundamvura, mgomba wake mzuri, umelipanda kwako, udongo mzuri. Kisha chipukizi moja linaota limeharibika, na kila litakalotoka kwa lile linaharibika. Utakwenda kumtukana rafiki yako wa Gikundamvura? Akafikiri mpaka tukatoka msituni. Akasema, "Mi ningemutukana." Nikaachana naye.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa hospitali, sindano, nywele kuanguka. Mdogo naye tukamnyoa, bila shaka. Mwaka wa pili daktari akasema ugonjwa umenyamaza, lakini usiachiwe nafasi. Mkubwa arudi nyumbani ameze kidonge kimoja kila jioni, asikose hata siku moja, na kila mwezi apimwe. Kidonge kile kinaikalia damu, kinaizuia isikimbie. Mama Mapasa anauza ng'ambo ya daraja, anavuka asubuhi na kurudi wakati mpaka wa nchi unakaribia kufungwa, kwa hiyo vidonge alikabidhiwa shangazi. Ndiye mwenye mkono usiotetemeka, na hasahau.

Mwezi wa kwanza damu ya Mkubwa haikukaa pale daktari alipotaka. Ilikuwa juu. Mwezi wa pili bado. Daktari akaongeza, kimoja na nusu. Ikashuka kidogo tu. Huku Mdogo, asiye na dawa, damu yake ndiyo inaporomoka, mdomoni vidonda, homa ya mafua inakaa wiki mbili. Mgonjwa anapanda, mzima anashuka. Daktari akaandika, akafuta, akaandika. Ndipo akamtoa Mdogo uboho, ndipo akatuita wote.

Basi tumerudi chumbani, tulipoanzia. Daktari alifungua karatasi. Mkwe mwenzangu alikuwa keshashika punje ya tatu ya rozari.

"Mdogo hana saratani," alisema.

Mama Mapasa akapiga ukelele, akajifunika mdomo.

"Ngoja. Hana saratani, lakini uboho wake umelala. Kuna kitu kinaukandamiza. Nimeona uboho kama huu mara nyingi, lakini kwa watoto wanaomeza dawa ya Mkubwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Huyu mtoto anakula nini?"

Nikaanza kumhesabia. Uji, maharage, sombe ya majani ya muhogo, samaki sambaza wakipatikana, ndizi. Mkwe mwenzangu akadakia kwamba kwangu mafuta ni kidogo, na ndiyo sababu. Nikamwambia akae na termosi yake.

"Sikuulizi mafuta, Maman," alisema daktari. "Vidonge vyake Mkubwa anapewa na nani?"

"Mimi," alisema binti yangu, haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Kila jioni. Sijakosa hata siku moja, dokta, uliza Mama."

"Unampaje?"

"Nakata katikati."

"Unakata kwa nini?"

Binti yangu alishangaa kuulizwa. "Si mapacha? Kimoja, nusu kwa nusu. Ulipoandika kimoja na nusu nikagawa robo tatu kwa robo tatu. Robo ilinisumbua, lakini nina wembe wa kufumulia nguo. Sawasawa, dokta. Hakuna aliyepewa kikubwa."

Kilichofuata ni simu ya mwanangu kulia ndani ya pochi, na hakuna aliyeipokea.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Miezi mitatu," akasema polepole, "mgonjwa anakunywa nusu ya dawa yake. Na asiye mgonjwa anakunywa sumu."

"Alilia!" Binti yangu sasa ndiye alikuwa analia. "Siku ya kwanza Mdogo alisema, na mimi? Ningesema nini? Mkubwa naye akafunga mdomo, hamezi mpaka mwenzake apate. Nikasema ukimnyima mmoja atanuna, na akinuna... Mama, si wewe ulisema? Mama, si wewe?"

Sasa ndipo mtaani wanapokosea. Wanasema shangazi aliwalisha watoto sumu kwa wivu, eti hana watoto wake mwenyewe. Uongo mtupu, na wanaosema nawajua kwa majina. Shangazi alitii. Alitii mdomo wangu huu. Na nitaandika na hili, maana nikilificha nitakuwa nimeandika bure. Nilimwona. Jioni moja nilipita jikoni nikaona kisahani kina vipande viwili vyeupe, vimekatwa vizuri kama kanzu ya Idi, wembe pembeni. Nikafikiri kimoja cha sasa, kimoja cha asubuhi. Sikuuliza. Mimi ninayeuliza bei ya chumvi maduka manne!

Nikamwambia daktari, "Ni mimi. Sheria ni yangu."

Mkwe mwenzangu akafungua mdomo, nikajua sasa nitakoma. Lakini akasema, "Na mimi niliitikia." Akarudi kwenye rozari yake.

Daktari hakutukana. Ningependa angetukana. Alimtoa Mkubwa uboho upya siku ile ile, kuona kama ile nusu ya dawa imeupa ugonjwa mlango. Tukae siku tano tusubiri. Mdogo asipewe kitu, damu yake itapanda yenyewe. Na dawa ya Mkubwa ibaki kimoja na nusu, yote yake peke yake, kuanzia leo.

Kusema ni rahisi. Jioni ile katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, nilimpa Mkubwa kidonge na nusu, chake, chote. Akakitazama mkononi. Akamtazama mwenzake.

"Na Mdogo?"

"Mdogo haumwi."

"Na mimi?" akasema Mdogo.

"Wewe huna ugonjwa, mama, mshukuru Mungu."

"Basi nipe ugonjwa."

Mkubwa akafunga mdomo. Nilibembeleza, nikatisha, nikaahidi gauni. Mama Mapasa alijaribu kumbana pua, akatemewa. Mkwe mwenzangu akapendekeza tuombe. Tuliomba, yeye kwake, mimi kwangu, tukafumbua macho na mdomo bado umefungwa. Nikatamani kumrudia yule mkunga nimwulize kwa nini aliniachia niseme maneno mengi siku ile. Mtoto anakufa kwa ukaidi wangu mwenyewe, nimemfundisha mimi, sasa ananifundisha.

Kwenye meza kulikuwa na bugali wa muhogo uliobaki. Nikachota, nikafinyanga vidogo, vyeupe, kimoja cha mviringo na kimoja nusu. Nikavipangusa, nikaviweka kwenye kiganja cha Mdogo mbele ya mwenzake. "Chako hiki. Na cha Mkubwa kile. Meza."

Mdogo akameza, akakunja uso kama mgonjwa wa kweli. Mkubwa akameza chake. Sote tukashusha pumzi.

Halafu Mkubwa akasema, "Cha Mdogo ni cha bugali. Nimekinusa. Na mimi?"

Jamani! Nikafinyanga vingine viwili, nikampa. Mdogo akahesabu kwa vidole, maana shule inawafundisha hesabu na haiwafundishi huruma, akaona mwenzake amepata vinne, yeye viwili. Nikafinyanga viwili vingine. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni tangu siku ile, nyumbani pia, kimoja na nusu cha hospitali na vya bugali vya kukifuata. Sheria sikuivunja. Niliizunguka.

Siku ya tano majibu yalitoka. Mlango haukufunguka. Ugonjwa ulikuwa bado kimya. Daktari alisema tumebahatika, tena akalirudia, apate kuhakikisha sijadhani ni busara. Damu ya Mdogo ilipanda baada ya wiki chache, ya Mkubwa ikashuka pale ilipotakiwa. Binti yangu hakutaka kushika vidonge tena. Nilimkatalia. Alivishika mpaka mwisho, kimoja na nusu bila kumgawia mwingine, na mimi nikakaa naye jikoni kila jioni nikiuliza maswali ambayo sikuuliza mwanzo, mpaka akaniambia, "Mama, unanichosha." Vizuri. Achoke.

Dawa ziliisha mwaka uliofuata. Jioni ya mwisho Mkubwa alimeza cha mwisho, Mdogo akameza bugali wake wa mwisho. Kesho yake Mdogo alikuja jikoni amenyoosha kiganja. Nikamwambia zimeisha, mwenzako amepona. Akauliza, "Na mimi nimepona?"

Nikamwambia ndiyo, wote wawili, sawasawa. Bado anapimwa, na huenda ile chembe anayo imelala, huenda hana. Hilo sikumgawia.

Nimeandika ninavyokumbuka. Majina sikosei, lakini mengine huenda. Mkwe mwenzangu siku hizi anasema maneno ya sheria aliyatamka yeye kwanza pale uzazini, mimi niliitikia tu, na kwamba hata bugali wa vidonge ulikuwa wazo lake. Kama kuna aliyekuwepo siku ya uzazi akasikia vingine, aje anisahihishe, kibaraza changu kinajulikana. Lakini aje kabla mkwe hajavuka daraja, maana tukiwa wawili hatapata nafasi ya kusema.